Nimepitisha Tu

Kuna neno moja ambalo siku hizi twalisikia sana, kutoka Uvira kando ya ziwa mpaka huku juu Lemera. Mtu akiulizwa, "Habari ile ya dawa uliyotuletea katika simu, uliitoa wapi?" hujibu mara moja: "Mimi nimepitisha tu." Husema hivyo kama mtu anayeonyesha viganja vitupu. Hakutunga yeye, hakuongeza neno, hakupata hata faranga moja. Basi kosa lake ni nini?

Wasomaji wapenzi, swali hili twataka kulitazama pamoja nanyi kwa makini, maana si swali la simu tu. Yaelekea kwamba miaka ijayo habari nyingi za ugonjwa na uzima zitatufikia kwa WhatsApp na Facebook kabla hazijatufikia kwa kinywa cha mwuguzi. Kwa wengi ndivyo ilivyo tayari. Lemera iko mlimani, juu ya bonde la Ruzizi. Barabara ya kushuka tambarare huharibika wakati wa mvua, na mara nyingine vita huifunga kabisa. Lakini mtandao hupita juu ya matope. Mahali usiposhika, watu hukijua kilima cha kupanda ili ushike. Mama mwenye simu ya kioo na mega kidogo aweza kupata neno kutoka Bukavu, kutoka Bujumbura, hata kwa ndugu yake aliye Ulaya, kabla mgonjwa wake hajafika kituo cha afya. Wazee wetu waliandika barua iliyokaa njiani miezi miwili, ikafika mgonjwa amekwisha kuzikwa. Neema hii ya sasa si ndogo, wala hatuandiki ili kuisema vibaya.

Tuweke mfano. Mama mmoja anakaa kijiji cha mlimani, mwendo wa saa tatu kwa miguu mpaka kituo cha afya. Mume wake yuko mbali, anatafuta kazi. Usiku mtoto wao wa miaka miwili anaanza kuhara na kutapika. Kipindupindu si mgeni kwetu watu wa Uvira. Kando ya ziwa na katika bonde twakijua kwa jina na kwa sura. Mama afungua simu. Katika kundi la kwaya ya parokia wifi yake ametuma maneno haya: chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, chumvi vijiko sita, sukari nusu kijiko, koroga, mpe mtoto kidogo kidogo.

Msomaji anayeyajua mambo haya amekwisha kushtuka. Dawa hii ni ya kweli, ila imegeuzwa. Iliyo sahihi ni hii: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko kidogo. Sukari husaidia utumbo kupokea chumvi, na hivyo viwili pamoja huvuta maji yaingie mwilini. Ukigeuza hesabu, chumvi nyingi huvuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza, na mtoto ambaye tayari amekauka aweza kuuawa na dawa kabla ya kuuawa na ugonjwa. Maneno ni yale yale. Hesabu ni zile zile, sita na nusu. Zimebadilishana mahali tu. Labda aliyeandika wa kwanza alikuwa na usingizi. Labda wa tatu alinakili kwa kusikia. Katika mstari wote huo, mrefu kama msafara wa siafu, hakuna hata mmoja aliyetaka mtoto afe.

Ndipo twauliza: nani atajibu?

Wengi husema, atajibu wa kwanza, yule aliyekosea kuandika. Ni kweli kwamba anayo sehemu yake, hasa kama alizembea. Lakini angalieni: mama yule hamjui mtu huyo. Jina lake halimo katika ujumbe. Angekutana naye sokoni asingemwuliza hata njia. Kwa nini basi alimwamini usiku ule, na kwa jambo kubwa hivi? Jibu ni kwamba hakumwamini yeye. Alimwamini wifi. Wifi ndiye aliyembeba mtoto huyu siku ya ubatizo wake, ndiye huleta unga wa muhogo wakati wa shida, na neno lake lina uzito nyumbani. Ujumbe ulipotoka katika simu ya wifi ulivaa sura ya wifi. Bila sura hiyo usingeingia nyumbani.

Tufananishe na tarishi wa zamani. Tarishi huleta barua iliyofungwa. Hajui kilichomo, naye apokeaye ajua kwamba tarishi hajui. Barua ikiwa na uwongo, hakuna atakayemshika tarishi. Lakini mtu akiifungua barua, akaisoma, kisha akaenda kwa jirani mwenye mgonjwa akasema, "Sikia, fanya hivi," mtu huyo si tarishi tena. Amekuwa shahidi. Haidhuru kama maneno aliyatunga mwingine, maana shahidi hajibu kwa kutunga, hujibu kwa kusimama mbele ya watu na kutoa neno kuwa la kweli. Kubonyeza kwa kidole hakubadilishi jambo hili, bali kwalifanya lisionekane. Zamani aliyetaka kueneza habari alipaswa kutembea na kubisha hodi, na njiani alikuwa na nafasi ya kujiuliza. Sasa njia imefupishwa mpaka haina nafasi ya swali hata moja, na watu mia wamebishiwa hodi kwa mara moja.

Twajifunza tangu katekisimu ya utoto kwamba amri ya nane yakataza kushuhudia uwongo juu ya jirani. Sisi hufikiri mara moja juu ya baraza la wazee au mahakama. Yatupasa kuongeza chumba cha mgonjwa. Papa Fransisko, katika barua yake ya Siku ya Upashanaji Habari mwaka 2018, aliandika juu ya habari za uwongo, akamtaja nyoka wa kitabu cha Mwanzo. Mwaona hekima ya mfano huo: nyoka alikuja na ushauri juu ya kitu cha kula, akausema kama rafiki anayetutakia mema.

"Lakini wifi hakujua!" Naam, hakujua, na jambo hilo twalihesabu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na walimu wa maadili waliomfuata, walitofautisha ujinga wa namna mbili. Upo ujinga ambao mtu hana njia ya kuushinda. Huo humtoa mtu katika kosa. Upo na ujinga ambao mtu angeushinda kama angetaka kujisumbua kidogo; huo haumtoi, ingawa waweza kupunguza uzito. Sasa wifi alikuwa na njia? Mwuguzi wa kituo cha afya ana simu. Yule mjitolea wa afya wa kijiji, ambaye sisi twamwita reko, anakaa nyumba ya nne. Kumwuliza kungetaka dakika tano. Hatusemi kwamba mtu apeleleze kila habari inayofika simuni, maisha yasingetosha. Habari ya harusi ikikosea saa, wageni watakaa juani kidogo, basi. Lakini jinsi neno linavyogusa mwili wa mtu, na jinsi anayelipokea alivyo dhaifu na mwenye haraka, ndivyo wajibu wa kuuliza unavyokua. Mtu anayempa mwingine maji ya kunawa haonji. Anayempa mtoto maji ya kunywa huonja kwanza.

Tena kuna njia nyepesi kuliko kuuliza, nayo watu wachache huitumia: kusema ukweli juu ya unachokijua mwenyewe. Wifi angeandika, "Nimeipata hii, sijui kama ni sahihi, kuna mtu anayejua?" Hapo hakushuhudia dawa, ameshuhudia kutokujua kwake, na ushuhuda huo ni wa kweli. Katika kundi la watu mia labda yumo mkunga mmoja ambaye angesahihisha. Twaogopa kuandika hivyo kwa sababu twapenda kuonekana watu wenye habari. Tukubali: nusu ya yale tunayopitisha hatuyapitishi kwa mapendo, bali ili tuwe wa kwanza.

Mtu mwingine atatujibu, "Mkisema hivyo mtafunga vinywa vya watu wema, na wajinga watabaki wakisema peke yao." Pingamizi hili lina nguvu, nasi hatutaki kulipita haraka, kwa sababu historia ya dawa ile ile ya sukari na chumvi yalijibu vizuri kuliko sisi.

Mwaka 1971 watu wengi sana walikimbia vita ya Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, wakaingia India. Katika kambi ya Bongaon kipindupindu kiliwashika, na maji ya kutia katika mishipa yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu watu 30 katika 100. Kwa dawa hiyo wakawa chini ya 4. Madaktari wengi hawakupenda jambo hili, kwamba mama asiyejua kusoma ashike uzima wa mtoto mkononi mwake. Walakini ndivyo ilivyokuwa, na neno lile likaenea. Kama watu wangenyamaza kwa kuogopa kukosea, maelfu wangekufa.

Sehemu ya pili ya historia hii yatufundisha zaidi. Kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC lilituma wanawake katika vijiji vya Bangladesh, nyumba kwa nyumba, kuwafundisha mama kutengeneza dawa hiyo kwa chumvi ya vidole vitatu na sukari guru ya ngumi moja. Katika miaka kumi walifika nyumba zaidi ya milioni kumi. Hawakuwa na simu za kioo. Lakini sikieni jinsi walivyolipwa. Mwalimu hakulipwa kwa wingi wa nyumba alizofika. Baada ya muda msimamizi alirudi katika baadhi ya nyumba zile, akamwuliza mama anakumbuka nini, akamtazama akichanganya. Mshahara wa mwalimu ukafuata alichokishika mama. Tena walipochunguza waliona kwamba mama wengi wanajua kutengeneza lakini hawatumii. Wakatafuta sababu, wakagundua moja ya kuchekesha na kuhuzunisha: walimu wenyewe wakiharisha walikunywa dawa nyingine. Walipitisha tu! Ikabidi wafundishwe upya mpaka waamini wanachokisema. Na wanaume nao wakaitwa wasikie, maana hapo kwanza walisahauliwa.

Kwa maoni yetu tofauti yote iko hapo. Neno la afya halikuwa dawa lilipotoka kinywani. Likawa dawa mtu aliporudi kuona limefanya nini. Ujumbe wa simu huenda mbali sana, lakini haurudi. Anayeutuma haoni kikombe, haoni kijiko kama ni cha chai au cha kulia, haoni uso wa mtoto asubuhi. Kwa hiyo hatusemi, "Nyamazeni." Twasema, aliyetuma na arudi. Kama ni mbali, basi apige simu kesho yake aulize, "Ulichanganyaje? Mtoto anakojoa?" Mtu asiyekuwa tayari kuuliza swali hilo kesho, asitume leo.

Sasa tuseme juu ya uwongo wenyewe, ule unaotungwa, kwa maana si kila neno baya ni kosa la usingizi. Ebola ilipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, simu zilijaa habari kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara, kwamba chanjo ni sumu. Mwezi wa Septemba watafiti waliwauliza watu 961 wa Beni na Butembo, na mmoja katika kila wanne akasema Ebola si kweli. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu Butembo wakamwua daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutibu. Agosti ya mwaka ule ugonjwa ulifika hata Mwenga, katika Kivu ya Kusini yetu. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Ni rahisi kusema watu wale walikuwa wajinga waliodanganywa na simu. Sisi hatusemi hivyo. Watu wa Beni walikuwa wameuawa kwa mapanga tangu mwaka 2014, usiku baada ya usiku, na msaada haukuja, au ulikuja umechelewa. Kisha ukaja ugonjwa, na magari yakaja kwa wingi. Tarehe 26 Desemba 2018 wakaambiwa hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, na sababu mojawapo iliyotajwa ni Ebola. Mtu aliyekaa katika hali hiyo, akipokea ujumbe usemao, "Hawa hawakuja kwa ajili yenu," je, hauoni wafanana na kweli? Uwongo haukuota juu ya mwamba. Uliota juu ya kidonda. Nao waliojibu kwa kupaza sauti na kuwacheka watu walikiongeza kidonda.

Wala sisi wa Lemera tusijifanye hatuelewi. Hospitali ya hapa, iliyojengwa na wamisionari Wapentekoste wa kutoka Sweden (si ya Kanisa letu, lakini ugonjwa hauulizi cheti cha ubatizo), ndiko alikofanya kazi daktari Denis Mukwege tangu mwaka 1983, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliingia humo wakaua wagonjwa vitandani mwao, na wauguzi pamoja nao. Aliyekuwa mtoto siku ile leo ni baba au mama wa watu. Ukimtumia ujumbe kwamba hospitali ni mahali pa salama, labda hatabisha. Atanyamaza tu, na hatakwenda. Mtu wa namna hiyo hashindwi kwa ujumbe wa pili ulio mrefu kuliko wa kwanza.

Kule Beni na Butembo ni nini kilichosaidia? Mambo mengi, lakini tutataja mawili. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumbani kwa watu wakiandika maswali na uvumi wanaousikia, wakaupeleka kwa wakubwa ili kazi ibadilishwe. Yaani kwanza walisikiliza. Na tena waliopona. Hao, ambao ugonjwa haukuwashika tena kwa urahisi, waliwabeba watoto wachanga wa wagonjwa, wakawalea karibu na vituo vya matibabu wakati mama zao wamelazwa. Mwanamke aliyesema, "Mimi niliugua, nikaingia mle, nikatoka," akiwa na mtoto wa mwenzake mgongoni, hakuhitaji kubishana na simu ya mtu yeyote.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao Wakristu wengi hawaufikirii, nao ni picha. Mgonjwa amelala, shuka imeteleza. Mtu mwema anampiga picha na kuituma katika kundi ili watu wachange fedha za matibabu. Michango hii imeokoa wengi, twaijua, tumeichangia. Lakini mgonjwa aliulizwa? Mwaka 2023 mpox, ugonjwa ulioitwa hapo kwanza ndui ya nyani, ulianza kuenea Kamituga, penye machimbo ya dhahabu. Ukafika Bukavu na Uvira, na Julai 2024 ukaonekana Burundi, hata Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza hatari ya dunia nzima tarehe 14 Agosti 2024. Ugonjwa huo huacha malengelenge usoni na sehemu za siri, na kule machimboni ulienea sana kwa njia ya kulala pamoja. Fikirini binti ambaye sura yake imezunguka simu za Kivu nzima katika hali hiyo. Atarudi wapi? Na mwenzake aliyeiona picha ile, akijiona naye ana malengelenge, atajificha nyumbani na kuwaambukiza wadogo zake. Picha iliyotumwa kuonya watu imewafundisha kuficha. Msamaria yule wa Injili alimwaga mafuta na divai katika vidonda. Hakuvifunua kwa wapita njia.

Tufikie sasa jambo ambalo padre wa kitubio angeliuliza. Mtu ametuma neno baya, akajua baadaye kwamba ni baya. Afanye nini? Wengi hulifuta katika simu yao, wakashusha pumzi. Mafundisho ya Kanisa hayaridhiki na hilo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, nambari 2487, yafundisha kwamba kila kosa juu ya haki na ukweli laleta wajibu wa kulipa, hata kama mwenye kosa amekwisha kusamehewa. Aliyeiba mbuzi hasamehewi akiendelea kumla. Vivyo hivyo aliyetuma dawa ya uwongo katika makundi matatu anadaiwa kurudi katika makundi yale matatu na kuandika kwa jina lake: "Ile ya jana nilikosea, msiitumie, iliyo sahihi ni hii." Husemwa kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kwa maneno ya kinywa ilikuwa hivyo. Lakini hapa, jambo la ajabu, simu yatupa uwezo ambao wazee wetu hawakuwa nao: twajua hasa tuliwatumia nani, siku gani, saa ngapi. Maji yamemwagika katika mabeseni tunayoyajua. Hivyo udhuru umepungua, na kinachobaki ni aibu. Twakiri kwamba aibu hiyo ni kali. Sisi wenyewe tumewahi kusahihisha neno tulilolituma, na siku mbili hatukutamani kuonekana katika kundi.

Je, siku za mbele? Hatuna unabii. Tayari mwuguzi aliye peke yake mlimani hutuma picha ya kidonda kwa daktari aliye mbali, akapata shauri, na mgonjwa huepushwa safari ambayo pengine ingemwua. Jambo hilo litakua, na Mungu alibariki. Zimekuja pia mashine zenye kuitwa akili bandia, zinazojibu swali la mtu kwa Kiswahili saa yoyote ya usiku pasipo kuchoka. Zitasaidia, mara nyingine zitajibu sawa kuliko wifi. Lakini zikikosea hazitakuja matangani, wala hakuna atakayezikuta njiani akaziuliza, "Ulinitakia nini?" Sisi hatuogopi sana kwamba mashine itasema uwongo. Twaogopa kwamba watu watapata neno jipya la kujitetea, na badala ya "Nimepitisha tu" watasema, "Mashine ndiyo iliyosema."

Tungependa katika kila jumuiya ndogo ya Kikristu, katika kila shirika letu, watu wakubaliane jambo moja dogo: katika kundi lao la simu awemo mwuguzi au reko mmoja anayejulikana kwa jina na kwa nyumba, na neno lolote la dawa lisitoke hapo kabla hajalisoma. Asilipwe kwa hilo, ila achangiwe mega. Najua parokia nyingi hazina fedha. Mega ya mwezi ya mtu mmoja si mzigo kwa watu arobaini. Nao viongozi wasimchague kwa sababu ana simu nzuri. Wamchague yule ambaye usiku, ukigonga, hufungua.

Maana turudi kwa mama wetu. Tuseme safari hii ujumbe ulikuwa sahihi: sukari sita, chumvi nusu. Maji amechemsha. Sasa atafuta kipimo cha lita, naye hana; nyumbani mna chupa moja kubwa ya Primus. Hajui kwamba chupa ile haijai lita, ni sentilita 72 tu, na kwamba akitia vijiko vyote humo dawa itakuwa kali kupita kiasi. Lakini ana mashaka, na mashaka yake ni ya akili. Ni saa nane za usiku, mtoto amelegea, asubuhi atambeba kwenda kituo cha afya. Mtandao umeshika. Aandika katika kundi la kwaya: "Nina chupa ya bia, sina lita. Nipime namna gani?"

Kundi lina watu mia na kumi. Nani yuko macho?